UZI: Mende na kunguni hawaishi kwa kupuliza tu, mjue kwanza mdudu wako analala wapi

#1

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nimeamua niuandike wote maana kila siku mtu anauliza dawa gani inaua kunguni, dawa gani inaua mende, na majibu yanayokuja ni majina ya makopo tu. Mimi nimepitia hiyo njia. Nimenunua makopo, nimepuliza mpaka watoto wakakohoa usiku kucha, na wadudu wakarudi vilevile. Kilichokuja kunisaidia haikuwa dawa kali zaidi, ilikuwa ni kujua mdudu anajificha wapi mchana na mayai anayaweka wapi. Ndo ninachotaka tuongee hapa, na mwenye uzoefu aongezee.

Nianze na kunguni maana ndo walionitesa zaidi.

Ilianza mtoto wangu wa pili kuamka na vipele mkononi, vitatu vimejipanga mstari mmoja. Nikasema mbu. Nikachomekea neti vizuri, vipele vikaendelea. Zikapita kama wiki tatu ndo siku moja nabadilisha mashuka nikaona kwenye pindo la godoro, upande wa kichwani, vidoti vyeusi kama mtu kagusisha ncha ya kalamu ya wino. Nikalowanisha tishu nikafuta, kidoti kikaenea kikawa na rangi ya damu iliyokauka. Kile ni kinyesi cha kunguni, yani damu ya mtoto wangu ikiwa imeshameng'enywa. Nikatoa chaga moja moja, pale ubao unapoingia kwenye fremu nikachokoza na sindano, wakaanza kutoka. Wakubwa ni bapa, kahawia, urefu kama milimita 5, wadogo hata hawaonekani vizuri mpaka umulike tochi kwa pembeni, na mayai meupe kama chembe za chumvi yamegandishwa kwenye mbao hata ukiyafuta hayatoki. Kitanda chenyewe tulikuwa tumekinunua kikiwa kimeshatumika, miezi miwili nyuma. Nilikifuta vumbi nikakileta ndani, sikukagua hata tundu moja la skrubu.

Nikapuliza. Nilipuliza kweli kweli. Usiku ule hatukuumwa, usiku wa pili hatukuumwa, nikashukuru. Wiki iliyofuata wakaonekana chumba cha pili ambacho hakikuwa na kunguni kabisa. Nikaita mtu wa kupulizia dawa, akaja, dakika ishirini kamaliza, kachukua hela yake kaondoka, hakuinua hata godoro. Siku ya kumi na mbili vile vidogo vyeupe vyeupe vikaanza kutembea tena kwenye shuka.

Nikaanza kusoma na kuuliza, na hapo ndo nikaelewa nilikuwa nakosea wapi. Dawa nyingi za kupuliza haziui yai la kunguni. Yai linaanguliwa ndani ya siku 6 mpaka 10 kwenye joto la kawaida la nyumba, kwa hiyo ukipuliza mara moja ukakaa, umeua wazazi (kama umewaua) na watoto wanakuja kwa ratiba yao. Jike moja likiwa linashiba linaweza kutaga mayai 200 na zaidi maishani mwake. Mtoto anajivua gamba mara tano mpaka awe mkubwa na kila hatua lazima anywe damu, ndo maana unaona yale maganda matupu mepesi kwenye nyufa. Na usidhani ukihama chumba wiki mbili watakufa njaa, kunguni anakaa miezi bila kula, sehemu ya baridi anakaa muda mrefu zaidi. Anafuata pumzi yako na joto la mwili wako. Ukihamia kulala kwenye kochi, unampeleka kwenye kochi.

Halafu usugu. Hawa wadudu walianza kuizoea DDT (dawa ya zamani ya kuulia wadudu) zamani sana, mwaka 1947 huko Hawaii tayari walionekana wanaoishi nayo, na hizi dawa za jamii ya pareto zilizoko kwenye makopo mengi sa hivi nazo wamezizoea sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo kopo likikuangusha usidhani ni lazima liwe feki, inawezekana ni mdudu.

Nilichofanya mimi, na kimechukua kama miezi miwili:

Nguo, mashuka, mapazia, vyote nilivifunga kwenye mifuko ya plastiki palepale chumbani kabla sijavitoa, ili nisiwasambaze njiani, vikaenda kufuliwa kwa maji ya moto. Nyuzi 60 inaua mpaka mayai. Mwenye mashine ya kukausha nguo, joto la juu nusu saa nalo linatosha. Vitu visivyofulika kama midoli na viatu viliingia kwenye friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne nzima. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, upande wa juu unapata moto ila ndani wanahamia upande wa kivuli.

Kitanda nilikifungua chote. Kila kiungo, kila tundu la skrubu, nilipitisha mvuke wa moto taratibu sana, kama sentimita mbili kwa sekunde, ukiharakisha joto haliingii. Halafu nyufa nikaziziba na gundi ya mbao. Godoro likavalishwa kava la zipu linalofunika pande zote, waliobaki ndani wabaki humohumo, na kava halitoki mwaka mzima.

Kitanda kikasogezwa mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu wa kitanda ukawekwa ndani ya kikombe cha plastiki laini nilichopaka unga wa talki kidogo kwa ndani. Kunguni wengi wanashindwa kupanda ukuta laini, anaingia anabaki humo. Vile vikombe ndo vilikuwa jicho langu, kila asubuhi nahesabu.

Dawa ilikuja mwisho, kwenye nyufa tu, na ikarudiwa baada ya wiki mbili, halafu tena baada ya wiki mbili. Safari hii nilimsimamia mpulizaji mwenyewe.

Kitu kimoja cha kuwatoa watu hofu, mpaka sasa kunguni hajulikani kuambukiza binadamu magonjwa kwa kumng'ata. Anakunyima usingizi, anakuwasha, ukijikuna vidonda vinaingia bakteria. Na sio uchafu jamani, naomba hili tulielewe, anakaa kwenye nyumba safi na hoteli safi, anachotaka ni damu na ufa. Watu wanaficha kwa aibu na huko kuficha ndo kunawasambaza.

Sasa mende.

Kuna wadogo na wakubwa na hawa sio mtu na mtoto wake, ni aina mbili tofauti na vita yao ni tofauti. Yule mkubwa mwekundu mwekundu wa sentimita 4 mara nyingi makazi yake ni kwenye mabomba ya majitaka, chemba, sehemu za unyevunyevu, ndani anaingia kutembea. Huyo unamalizana naye kwa kufunika matundu ya maji sakafuni na kuziba pembeni mwa mabomba. Yule mdogo wa kahawia, sentimita moja na nusu, ana mistari miwili myeusi mgongoni nyuma ya kichwa, huyo anaishi na wewe. Hana maisha nje. Kila unayemuona alizaliwa ndani ya nyumba yako au ameletwa na boksi, friji ya mtumba, mfuko.

Chukueni tochi, zimeni taa jikoni, subirini kama masaa mawili halafu ingieni. Msiangalie sakafu, angalieni bawaba za milango ya kabati. Mimi nilifungua mlango mmoja, kwenye bawaba ya juu, sehemu ambayo hata ncha ya kidole haiingii, walikuwa wamebanana kama kumi na tano, vipapasio tu vinacheza kwa nje. Mende anapenda kuguswa juu na chini, ufa wa milimita 5 unamtosha mkubwa, mtoto anaingia penye milimita mbili. Nyuma ya friji karibu na mota ni sehemu yao kubwa, pana joto na maji. Chini ya sinki. Ndani ya redio, saa ya ukutani, soketi.

Jike la huyu mdogo linabeba kifuko cha mayai kwa nyuma, ndani kuna mayai 30 mpaka 40, na analibeba mpaka karibu na kuanguliwa. Kile kifuko kinayakinga mayai yasifikiwe na dawa. Hesabu mwenyewe, umeua wakubwa mia leo ukaacha vifuko viwili kwenye bawaba, baada ya miezi michache uko palepale.

Kilichonifanyia kazi ni chambo cha jeli, kile kinachokuja kwenye bomba kama la sindano. Unaweka vidoti vidogo kama kichwa cha kiberiti, vingi, kwenye kona za ndani ya kabati, kwenye bawaba, nyuma ya friji, na juu pia, watu wanasahau juu. Mende anakula, anarudi kwenye ufa, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake na wao wanakufa. Wale watoto ambao hawatoki kabisa wanafikiwa kwa njia hiyo. Ila kosa kubwa sana ambalo watu wanafanya, wanaweka jeli halafu wakiona mende kapita wanapuliza spreyi juu yake. Spreyi inawafukuza, inachafua chambo, hawakigusi tena. Chagua moja.

Na kama jeli imegoma badilisha aina. Mwaka 1993 ilishagundulika kuna koo za mende zinazokataa glukosi, ile sukari waliyokuwa wanachanganyia kwenye chambo, maana waliopenda utamu walikufa wote wakabaki wasioupenda na hao ndo waliozaa. Ulimi wao (tuseme ulimi) unaihisi glukosi kama kitu kichungu. Mimi nilivyosoma hilo nilikaa kimya kidogo.

Maji nayo. Mende anaweza kukaa mwezi bila chakula, bila maji hafiki huko, wiki moja au mbili. Bomba linalodondosha likitengenezwa, sinki likifutwa kavu usiku, umemkaba. Na mwenye mtoto wa pumu asichelewe hata siku moja, kinyesi na maganda ya mende yakisagika yanakuwa vumbi na lile vumbi ni moja ya vitu vinavyoamsha pumu vibaya sana kwa watoto.

#2

Asante mkuu umeandika kitu. Mimi mende nilishawamaliza, shida yangu ni sisimizi, wale wadogo kabisa wa njano njano. Kila nikipuliza wanapotea siku mbili halafu wanatokea njia tatu badala ya moja. Ni mimi tu au?

#3

Mnapoteza muda. Kunguni dawa yake ni vile vidonge vya kuhifadhia nafaka, unaweka viwili chumbani unafunga mlango, asubuhi hamna hata mmoja. Nimefanya na kazi imekwisha.

#4 (mwenye uzi)

Nakujibu wewe wa #3 kwanza maana hili haliwezi kusubiri.

Ndugu yangu, tafadhali usirudie, na yeyote anayesoma asijaribu. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewani vinatoa gesi ya fosfini. Ile gesi haina dawa ya kuitibu, hospitali wanachoweza ni kuusaidia mwili upambane tu. Inapita kwenye ufa wa ukuta, chini ya mlango, kwenye dari, inaingia chumba cha jirani aliyelala na wala hajui wewe umeweka nini. Familia zimekufa hivo, sehemu mbalimbali duniani, watoto ndo wanatangulia kwa sababu ya miili midogo, na dalili zake ni kutapika na kizunguzungu, mtu anadhani ni chakula. Vidonge vile vimetengenezwa kwa maghala yanayofungwa na wataalamu wenye vifaa vya kupima hewa, havikutengenezwa kwa chumba cha kulala. Na kama unavyo ndani, usivimwagie maji ukidhani unaviharibu, ndo unaviamsha vyote kwa pamoja. Vitoe nje vikiwa na kopo lake, viwe mbali na watu, uliza wahusika wa viuatilifu namna ya kuviteketeza.

Hivohivo na dawa za shambani kupulizwa kwenye magodoro. Na mafuta ya taa au petroli kwenye chaga. Kung'atwa na kunguni ni nadra sana kuua mtu, hivi vinaua. Nakuomba kama ulilala kwenye kile chumba na bado unasikia kifua au kichwa, nenda ukaonwe, waambie wazi ulitumia nini.

Sasa #2. Sio wewe tu. Hao wa njano wadogo, urefu milimita 2, wana malkia wengi kwenye koloni moja. Ukipuliza, koloni inashtuka inagawanyika, malkia mmoja anaondoka na kundi lake anaanzisha kiota kingine, kwa hiyo zile njia tatu umezitengeneza mwenyewe na kopo. Unaowaona ukutani ni wachache wanaotafuta chakula, wengine wako ndani wanalea.

Acha kupuliza kabisa. Wape chambo chenye sumu ya polepole, sukari na asidi ya boriki kwa kiasi kidogo sana, kama asilimia 1, ukizidisha wanafia njiani kabla hawajafika. Sisimizi anabeba kwenye tumbo, akifika anawatapikia wenzake mdomo kwa mdomo, mpaka malkia na watoto. Siku ya kwanza utaona wamejaa kwenye chambo mpaka utaogopa, waache, usiwaguse, hiyo ndo kazi inafanyika. Kiweke ambapo mtoto na mnyama hafiki. Njia yao ya ukutani usiifute mpaka wamalize, wakishaisha ndo unafuta na maji ya sabuni maana wanatembea kwa harufu waliyoipaka pale.

#5

Naomba msaada na mimi, baada ya mvua wadudu wenye mabawa wameingia sebuleni wengi, asubuhi nimefagia mabawa matupu. Ni kumbikumbi au ni sisimizi wa kuruka? Na je ina maana nyumba inaliwa?

#6 (mwenye uzi)

Kama bado una hata mmoja muangalie vizuri. Kumbikumbi (ndo mchwa mwenye mabawa) kiuno hana, mwili umenyooka, mabawa manne yanalingana urefu, vipapasio vimenyooka kama shanga. Sisimizi wa kuruka kiuno kimebanwa, mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, vipapasio vimekunjwa kama kiwiko.

Wakiwa wameingia kutoka nje kufuata taa sio lazima wawe wa kwako, zima taa za nje jioni baada ya mvua na utaona tofauti. Ila kama wametokea ndani, kwenye sakafu au fremu ya mlango, hapo kuna mchwa chini yako. Zunguka nyumba angalia msingi, kuna mifereji ya udongo imepanda ukutani upana kama penseli? Vunja kipande katikati, rudi baada ya siku chache, wakiwa wameziba ujue wapo kazini. Gonga fremu za milango na mpini wa bisibisi, ubao ulioliwa unalia mtupu, mchwa anakula ndani anaacha ganda la rangi.

Huku sishauri mtu ajitibu, mchwa wa ardhini kiota kipo mbali na dawa inatakiwa iingie kwenye udongo kuzunguka msingi kwa kipimo. Unachoweza mwenyewe leo ni kuondoa mbao na maboksi yanayogusa udongo ukutani na kurekebisha maji yanayotuama pale.

#7

Mimi nina paka, viroboto wamejaa, nimempaka dawa ya mbwa niliyobakiwa nayo imesaidia kidogo. Ila kwenye zulia bado wanaruka.

#8 (mwenye uzi)

Dada/kaka, soma kwenye pakiti sasa hivi, ikiwa imeandikwa permethrini muogeshe huyo paka kwa sabuni ya vyombo na umpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Ini la paka haliwezi kuivunja ile sumu kama la mbwa. Akitetemeka tetemeka ni dalili, usisubiri.

Viroboto wa zulia, kiroboto mkubwa unayemuona ni sehemu ndogo tu, wengi ni mayai na mabuu ndani ya zulia na wengine wako kwenye bundo, kile kifuko ambacho dawa haiingii, wanasubiri mtikisiko wa mtu kupita ndo watoke. Kwa hiyo fyonza zulia kwa mashine kila siku, hata wiki tatu, ule mtikisiko unawatoa, ukimaliza mfuko wa vumbi unafungwa unatolewa nje. Matandiko ya paka maji ya moto kila wiki. Na paka apate dawa ya paka.

#9

Samahani wakuu, nzi na mbu je? Na wale wa kwenye unga?

#10 (mwenye uzi)

Kwa ufupi. Nzi kwenye joto anatoka yai mpaka mkubwa ndani ya siku 7 mpaka 10, kwa hiyo taka zikitolewa mara mbili kwa wiki na pipa likioshwa wanakosa pa kuzaa. Mbu hivohivo, maji yaliyotuama yamwagwe kila wiki, ila yule mwenye madoa meupe anayeng'ata mchana mayai yake yanagandia ukingoni mwa chombo na yanakaa makavu miezi, kwa hiyo sugua kingo na brashi, kumwaga peke yake hakutoshi.

Wa kwenye nafaka, fukusi jike anatoboa punje anaweka yai ndani anaziba tundu, ndo maana unanunua nafaka safi unaweka kwenye ndoo baada ya mwezi wanatembea. Hawakuingia, walikuwemo. Ukiileta ndani weka kwenye friza siku nne kwanza, halafu chombo kinachobana. Unga ulioingiwa utupe na uoshe kabati kwenye kona.

#11

Mkuu swali la mwisho, ulijuaje kunguni wameisha kweli na sio kwamba wamejificha?

#12 (mwenye uzi)

Swali zuri maana hapa ndo wengi wanajidanganya. Kutoumwa sio kipimo, kuna watu ngozi zao hazionyeshi kabisa. Kipimo ni vile vikombe.

Wiki ya kwanza nilikuta 23. Ya pili 9. Ya tatu 11, nikakata tamaa nikataka kuchoma kitanda, mke wangu akanizuia akasema angalia ukubwa wao, kweli wote walikuwa watoto, ni mayai yaliyobaki yalikuwa yanaanguliwa na hakukuwa na mkubwa hata mmoja. Ya nne wawili. Ya tano mmoja. Ya sita sifuri, nikapuliza nyufa mara ya mwisho vilevile. Kuanzia hapo nikasubiri wiki nane za sifuri mfululizo, na kila wiki naangalia pindo la godoro na tochi, vidoti vipya hakuna. Mtoto analala fofofo mpaka asubuhi. Vikombe bado viko kwenye miguu ya kitanda, sijavitoa.